Seli shina haziuzwi kwenye pakiti jamani

Wiki iliyopita kaja mama kliniki na mwanae mwenye selimundu, akatoa pakiti ya unga kwenye mkoba akaniwekea mezani, kauziwa na jirani eti ni seli shina, na haidroksiurea, dawa ya mtoto ya kila siku ya selimundu, kashaacha kumpa. Iliniuma sana. Ngoja nieleze.

Seli shina ni seli hai ambayo inaweza kujigawa ikabaki vilevile au ikageuka seli ya kazi fulani, ya damu, ya ngozi. Ukishaikausha ukaisaga imekufa, na hata ingekuwa hai tumbo lingeisaga kama nyama ya mchuzi tu.

Zile zinazobishaniwa sana zinatoka kwenye kiinitete, yaani mimba changa kabisa, ya siku kama 5 hivi, James Thomson wa Marekani alizitoa za binadamu mwaka 1998. Zinageuka karibu seli yoyote ya mwili, ila kuzitoa kwa kawaida kiinitete kinaharibika. Kanisa Katoliki linasema uhai unaanza mimba inapotungwa, Waislamu wengi wanahesabu siku 120 ndo roho inapulizwa, kwa hiyo usitegemee jibu moja. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akachukua seli za kawaida za panya, akaziongezea jeni 4 zikarudi utotoni kama zile za kiinitete, mwaka uliofuata ikawa za binadamu. Hapo kiinitete hakiguswi, ingawa hofu ya uvimbe bado ipo.

Mimi kazi yangu ni uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Seli shina zake ndizo zinazotibu kweli, hata Dodoma pale Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikizia watoto wa selimundu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kabisa tishu na mgonjwa, na huyo ndiye tunayemtaka atoe. Anapigwa kaputi, sindano nene inaingia mfupa wa nyonga, tunavuta uloto, mwekundu kama damu ila mzito na una vitone vya mafuta, akiamka nyonga inauma siku kadhaa na uloto wake unarudi wenyewe baada ya wiki chache. Sasa huyo ndugu mara nyingi ni mtoto. Hana ugonjwa, sindano haimsaidii yeye chochote, anayesaini ni mzazi yuleyule anayelilia mtoto mwingine, kwa hiyo nani anamsemea huyu mzima? Kwangu hili ndo swali zito kuliko la kiinitete, na tunalijadili kidogo mno.

Dawa tumeanza upya. Mgonjwa ana dada yake wa miaka 9, Jumatatu anakuja, na kabla sijamtoa damu ya kipimo nitakaa naye kwanza, mama akisubiri nje.