Kilowati zilezile, lethi tofauti: kuchagua mota na inveta ya spindo

Swali linalonifikia kuliko mengine kutoka kwa wenye karakana wanaofufua lethi za CNC, yaani lethi zinazoendeshwa na kompyuta, ni hili: "Fundi, mota ya spindo imeungua, ilikuwa ya kilowati 5.5. Nimepata mota mpya ya kilowati 5.5 na inveta yake, bei nzuri. Nifunge?" Spindo ni shafti kuu ya lethi inayozungusha kipande, na inveta ni kifaa kinachobadilisha umeme unaoingia kwenye mota ili kubadili kasi yake. Huwa naomba wasilipe kwanza. Kilowati zitalingana, na lethi itashindwa kazi iliyokuwa ikiifanya kila siku.

Anza kwa kusoma kibati cha mota, kile chenye namba zake. Mota ya spindo iliyotoka kiwandani pamoja na lethi, hasa zile za miaka ya 1980 na 1990, mara nyingi huandikwa kasi mbili, kwa mfano 1500/6000, na nguvu mbili: 5.5 kwa kazi ya mfululizo, 7.5 kwa nusu saa. Mota hiyo hufikisha kilowati zake zote kwenye mizunguko 1500 kwa dakika, na inaendelea kuzitoa hata kasi ikipanda mara tatu au nne. Mota ya kawaida ya pole nne (ncha nne za sumaku), ile tunayoifunga kwenye pampu na mashine za kusaga nafaka, ina kasi moja tu kwenye kibati: 1450 hivi, kwa hezi 50, yaani umeme unaorudia wimbi lake mara 50 kwa sekunde.

Ni kweli inveta itaipandisha kasi. Lakini hadi hezi 50 inveta huongeza volti sambamba na hezi, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha, toki, inabaki ileile na kilowati zinapanda kadiri kasi inavyopanda. Ikivuka hezi 50, volti zimekwisha. Kilichobaki kuongezeka ni hezi peke yake. Usumaku ndani ya mota unapungua, na toki inapungua nao. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kilele cha toki, kiwango ambacho mota ikikipita inasimama, hushuka kwa haraka zaidi, kwa mraba wa kasi. Mota yenye kilele cha mara 2.5 ya toki yake ya kawaida ikifika hezi 100 inabakiwa na mara 0.62 tu, wakati ili kushikilia kilowati zake inahitaji 0.5. Akiba iliyobaki ni ndogo mno. Ndiyo maana mota ya kawaida siipigii hesabu ya zaidi ya hezi 100 kwenye spindo, hata kama inveta inaruhusu 400.

Sasa tuiweke kwenye lethi. Tuseme mota ya zamani ilikuwa na mkanda wa kupunguza kasi kwa nusu, hivyo spindo ilikuwa na nguvu kamili kuanzia mizunguko 750 hadi 3000. Kanuni ni rahisi: toki kwa nyutoni-mita ni 9550 mara kilowati, gawa kwa mizunguko. 9550 × 5.5 ÷ 750 inatoa 70. Ukifunga mota ya kawaida ya 5.5 na bado unataka spindo ifike karibu 3000, lazima mkanda usipunguze kasi hata kidogo na inveta ifike hezi 100. Toki kwenye spindo inakuwa 9550 × 5.5 ÷ 1450, yaani 36. Umepoteza nusu kule chini, na kazi nzito ya lethi iko kule chini.

Ione kwenye chuma chenyewe. Chuma laini cha kawaida kinadai takriban nyutoni 2000 kwa kila milimita ya mraba ya mkato. Kina cha milimita 2 na mwendo wa milimita 0.2 kwa mzunguko ni milimita za mraba 0.4, sawa na nyutoni 800 kwenye ncha ya kisu. Kama unakereza flenji yenye kipenyo cha milimita 150, mkono ni milimita 75, kwa hiyo spindo inadaiwa nyutoni-mita 60. Kwa kasi ya kukata ya mita 150 kwa dakika, spindo inazunguka 318 tu. Zidisha 60 kwa 318, gawa kwa 9550, uone: kazi yote hiyo ni kilowati 2. Mota mpya ya kilowati 5.5 itasimama kwenye kazi ya kilowati 2! Hata ukiisukuma hadi asilimia 150 kwa dakika moja utapata 54. Bado haitoshi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mwenye lethi linahusu kazi: kipande chako kikubwa kina kipenyo gani, unakata kina gani, na kipande chako kidogo unataka kizunguke kasi gani? Majibu hayo matatu yanachagua mota.

Kama kazi ni puli, bushi kubwa, flenji na ngoma za breki, punguza kasi kwa mkanda wa moja kwa mbili. Unarudisha toki ya 72, na kasi ya juu inabaki 1450 kwenye hezi 100. Kwa karakana nyingi za ukarabati, Gerezani ya Dar es Salaam ama Gikomba ya Nairobi, hiyo ni mashine nzuri kabisa. Kama kazi ni mchanganyiko, weka puli za ngazi mbili na uhamishe mkanda kwa mkono. Inachukua dakika chache, na bei ya puli hailingani hata kidogo na bei ya mota kubwa. Na lethi ikiwa na gia mbili ndani ya kichwa chake, zile zinazoitwa kwa amri za programu M41 na M42, usizitoe! Nimekutana na watu wanaozivua kwa sababu "inveta itafanya kazi hiyo". Inveta haitengenezi toki. Gia ndiyo inayoizidisha.

Njia nyingine ni mota kubwa. Ya kilowati 11, pole nne, inatoa 72 bila kupunguza kasi. Watu huogopa kwamba umeme wa karakana hautaibeba, lakini mota huvuta kadiri inavyodaiwa: kwenye mkato ule wa flenji itavuta kilowati 2 na upotevu wake, na inveta unaiwekea ukomo wa ampea. Shida yake halisi ni nafasi. Mota ya 5.5 huwa na mwili wa ukubwa wa 132 (kimo cha shafti kutoka kwenye miguu, kwa milimita) na shafti ya milimita 38. Ya 11 ni ukubwa wa 160 na shafti ya 42. Pima chumba cha mota kabla hujatoa hela.

Kwa lethi ndogo ninaipenda sana njia ya hezi 87. Mota nyingi za hadi kilowati 3 zimeandikwa volti 230/400, delta na sta, yaani njia mbili za kuunganisha nyaya za ndani ya mota. Zikifungwa delta kwenye inveta ya volti 400, na inveta ikapangwa itoe volti 230 kwenye hezi 50, volti zinaendelea kupanda sambamba na hezi hadi 400 kwenye hezi 87. Toki haipungui njiani. Mota ya kilowati 3 inatoa nyutoni-mita 20 hadi karibu mizunguko 2500, yaani kilowati 5 kutoka kwenye mwili mdogo. Masharti ni mawili: inveta ichaguliwe kwa ampea za delta, kama 11 badala ya 6.4, na beringi na upoaji viweze kuibeba kasi hiyo.

Mota halisi ya spindo iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa ni bora kuliko zote, mradi uipate pamoja na draivu yake (inveta iliyotengenezewa mota hiyo) na enkoda yake (kihisi kinachosoma mzunguko). Ikija peke yake, iache.

Upoaji usidharauliwe. Feni ya mota ya kawaida iko kwenye shafti yake. Kwenye hezi 15 inapapasa tu hewa huku mota ikibeba mkato mzito. Funga feni inayojitegemea, yenye umeme wake, na uunganishe kihisi cha joto cha mota kwenye inveta.

Inveta yenyewe inunue kwa ampea na kwa daraja la kazi nzito, lile linaloruhusu asilimia 150 kwa sekunde 60. Chagua yenye udhibiti wa vekta, unaoshikilia toki hata kwenye kasi ya chini, uipe vipimo vya kibati cha mota, na uiache ijipime kabla ya kufunga mkanda.

Halafu breki. Chaki (kishikio cha kipande kwenye spindo) ya milimita 250 yenye kilo 35, ikizunguka 1500, inabeba nishati ya zaidi ya jouli 3300. Ukitaka isimame kwa sekunde 2, kilowati 1.7 hivi zinarudi kwenye inveta, na hazina pa kwenda. Volti za ndani, ambazo kwa umeme wa 400 huwa 565 hivi, hupanda, na zikikaribia 800 inveta inajizima na kuiacha chaki ikizunguka huru. Rizista ya breki ni bei ndogo. Ifunge mbali na nyaya na mafuta, maana inapata moto. Na soma kasi ya juu iliyochongwa kwenye uso wa chaki. Namba hiyo ndiyo ukomo wa spindo yako, na iandikwe kwenye inveta na kwenye programu pia. Ukitumia G96, amri ya kushikilia kasi ileile ya kukata, kisu kinapoelekea katikati kasi inapanda yenyewe: kwa mita 150, kutoka 477 kwenye kipenyo cha 100 hadi 2387 kwenye kipenyo cha 20. Bila ukomo, itaendelea kupanda kisu kikikaribia kitovu.

Enkoda iwekwe kwenye spindo, moja kwa moja kwa mkanda wa meno, si kwenye mota, kwa sababu mkanda wa V huteleza na hesi (mizingo ya skrubu) unayokata itaharibika. LinuxCNC, programu ya kuendesha lethi, hufuata kila hatua ya enkoda yenye ishara za A, B na Z (mbili za hatua, moja ya mzunguko), kwa hiyo spindo ikipungua kasi kidogo kwenye mkato wa hesi, kisu nacho kinapungua. Mach3, programu nyingine ya aina hiyo, husubiri alama moja kwa mzunguko na kukisia katikati. Hapo mota yenye toki haba inaonekana mara moja kwenye hesi.

Wenye umeme wa fezi moja wana mpaka wao. Inveta za volti 220 za fezi moja, kwa kawaida hadi kilowati 2.2, hutoa fezi tatu za volti 220, si 400. Mota ya 230/400 lazima ihamishwe delta. Ikiachwa sta, kilele cha toki kinashuka hadi thuluthi moja. Mota iliyoandikwa 400/690 haifai hapo kabisa.

Ukishafunga yote, shika kipande kikubwa zaidi unachotarajia, kata kina kamili kwa dakika kumi huku ukisoma ampea kwenye kioo cha inveta, kisha uguse mwili wa mota. Ampea zikiwa chini ya zile za kibati na mkono ukiweza kukaa pale, anza kazi. Zikizidi, badilisha puli kabla ya kugusa kitu kingine chochote.