Tanga kifuani mwa mtoto

Wiki iliyopita, hapa Tanga mjini, mama mmoja wa Makorora aliniletea picha ya eksirei ya mwanawe wa miezi minne aliyekuwa na kikohozi. Alishaiinua juani mwenyewe, akaona kivuli chenye pembe kimejitokeza kando ya moyo.

“Shikamoo daktari. Hili doa ndilo linalomkohoza?”

“Marahaba mwanangu. Hilo si doa, ni tanga.”

Akadhani nasema mafumbo. Lakini wasomaji wa eksirei duniani kote hukiita hivyo kivuli kile, kwa kuwa kinafanana na tanga la chombo lililoshika upepo. Ni tezi ya thaimasi, na kwa mtoto wa umri ule ni kitu cha kawaida kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Marekani na Ulaya waliiogopa, wakidhani ikiwa kubwa humziba mtoto pumzi, wakaipiga mionzi. Baadhi ya watoto wale walipokua walipata saratani ya tezi ya shingoni. Kila nikikumbuka huumia. Kazi yenyewe ya thaimasi ilifahamika mwaka 1961, Jacques Miller alipoiondoa kwa panya wachanga huko Uingereza na kuona kinga yao imedhoofika vibaya.

Vitabu husema thaimasi ni shule ya seli T, yaani seli nyeupe za damu zinazolinda mwili dhidi ya maradhi. Sikatai, ila mfano huo unasimulia nusu tu ya kisa.

Seli changa hutoka kwenye uboho, husafiri na damu, huingia thaimasi zikiwa hazijajua zitakuwa nini. Humo hupokewa na seli wenyeji, ambazo hazikupangana bapa kama za ngozi. Zimeshikana kwa mikono mirefu mithili ya jarife, na seli changa hukaa kwenye matundu yake. Mwenyeji hugusa kipokezi cha seli changa kiitwacho Notch kwa protini yake ya DLL4, na mguso huo ndio unaoiamuru seli iwe T. Kisha huilisha kwa IL-7, protini ya kuikuza. Katika tabaka la nje seli hupimwa kama kipokezi chake kingine, cha seli T, kinaweza kusoma vitambulisho vya mwili, isiyoweza hufa. Zilizofaulu huingia ndani, ambako jeni ya AIRE huwawezesha wenyeji kuonyesha protini za viungo vya mbali, hata insulini ya kongosho. Seli inayoing'ang'ania protini ya mwili wake kwa nguvu huuawa, au hugeuzwa kuwa mlinzi wa amani. Zinazotoka hai hukadiriwa kuwa chini ya 5 katika kila 100.

Sasa nusu ya pili, ninayoipenda zaidi. Wazee waliosoma chuoni enzi za makuti watanielewa haraka: wanafunzi ndio waliochota maji, wakasuka makuti, wakaezeka paa alilokaa chini yake mwalimu. Ndivyo ilivyo thaimasi. Seli T changa hubeba protini ya RANKL na nyingine inayogusa kipokezi cha wenyeji kiitwacho CD40, na kwa hizo huwaamsha wenyeji wa ndani wakomae na kuiwasha AIRE. Mwalimu huwezeshwa na mwanafunzi yule yule atakayetahiniwa naye! Kwa panya ambao seli zao T hukwama mapema sana, jarife halifumwi sawasawa. Tezi huwa na mashimo, na sehemu ya ndani hukosa umbo. Wakipandikizwa uboho wa panya wenye afya wakiwa bado matumboni mwa mama zao, thaimasi hujengeka. Ukingoja wakue, haijengeki vizuri. Kila upande una saa yake ya kumhitaji mwenzake.

Hili si la panya peke yao. Mtoto akiwa na utapiamlo mkali, homoni za dhiki huua seli changa kwa wingi, wenyeji nao hunywea, tanga linakunjwa. Kule Bolivia watafiti waliwapima watoto wa namna hiyo kwa ultrasaundi wakati wa matibabu: uzito ulirudi kwa kama mwezi 1, thaimasi ikahitaji kama miezi 2. Walipoongezewa madini ya zinki, tezi iliwahi zaidi.

Kwa hiyo mizani ya kliniki ikishasema mtoto amepona, mimi bado humwambia mama: uji wa lishe usikatwe, na mwezi ujao mlete tena nimwone.