Acheni kuniuliza nimetumia sinthi gani

Leo tena meseji ile ile: "umetumia sinthi gani hapo na mimi niitafute?" wanaulizia wimbo wangu, na sinthi ni kile kinanda cha umeme kinachotengeneza saundi. Jamani. Wimbo nimeurekodi chumbani, laptopu, plagini za bure (programu za kompyuta zinazofanya kazi ya sinthi) na maiki moja, na anayekwambia saundi ya sinthpop (pop inayopigwa kwa sinthi) ya miaka ya 80 imejificha ndani ya Juno-106, sinthi moja ya zamani ya Roland, huyo ana Juno anataka kuiuza.

Kraftwerk, wale Wajerumani waanzilishi wa muziki wa sinthi, sawa, bila wao tusingekuwepo, hiyo haina ubishi. Ila walionifunza mimi ni wale wa kurekodi nyumbani. Mwaka 1978 Mwingereza Daniel Miller alitoa wimbo "Warm Leatherette", aliourekodi kwao London na sinthi ya Korg 700S na mashine ya kanda ya trak nne, basi. Sasa ile Korg inatoa noti moja tu kwa wakati, ubonyeze vidole vitatu hupati kodi, yaani noti kadhaa zikilia pamoja. Depeche Mode, bendi ya Uingereza, albamu yao ya kwanza, 1981, sinthi zao nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Unafanyaje? Unaigawa kodi kwa wapigaji: huyu besi, huyu laini ya kati, yule laini ya juu, na kwa kuwa kila mmoja ana noti yake moja hawezi kukaa ameishikilia tu, lazima aitembeze, ndo zile melodi tatu zinapishana bila kugongana. Hiyo ndo saundi mnayoitafuta!

Kwenye ule wimbo mnaoniulizia nilifuta pedi yote ya ubeti, ile saundi ndefu ya kodi inayojaza nyuma. Besi inaruka oktava juu chini, laini ya kati inasogea pale tu besi imenyamaza, ya juu inangoja niishie kuimba ndo inajibu. Prisiti, yaani saundi iliyowekwa tayari, ni ya kawaida kabisa, ile inayofunguka yenyewe ukiwasha plagini.

Kinachonisumbua bado ni analogi, yaani sinthi za zamani za saketi za umeme, siyo za kompyuta. Oseleta zao, sehemu inayozalisha toni, zinayumba toni kidogo na watu wanaapa ndo roho yenyewe. Nikisikiliza sinthi peke yake nasikia kweli, nikishaweka drami na sauti inapotea, halafu wiki ijayo narudia miksi yangu naiona imekauka, kwa hiyo hapo sibishani na mtu.

Lakini kabla hujanunua chochote, weka plagini uliyonayo kwenye mono, noti moja moja, toa pedi, andika laini tatu. Zikigongana usiongeze sinthi ya nne, punguza noti kwenye ile ya kati.