Jinsi Melvins Walivyopunguza Mwendo Wakaongeza Uzito

Vijana wanaoniletea gitaa zao nizitengeneze hapa Langoni, Lamu, huniuliza mara kwa mara ilikuwaje bendi ianze na panki ya hadikoo, muziki wa mbio na makelele, kisha iishie katika slaji, yaani metali nzito inayojikokota kama mtu avukaye tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa. Huwajibu kwa mfano wa Melvins, kwani kwao badiliko hilo husikika waziwazi.

Melvins waliundwa mwaka 1983 huko Montesano, mji mdogo wa jimbo la Washington, Marekani, Buzz Osborne akiimba na kupiga gitaa. Mwanzoni walipiga hadikoo kama wenzao, nyimbo fupi zisizo na nafasi ya kupumua. Mwaka 1984 walimpata Dale Crover, mpigaji ngoma mwenye mkono mzito, na mwaka huohuo Black Flag wa California, waliokuwa nguzo ya hadikoo, walitoa albamu ya My War, ambayo upande wake wa pili una nyimbo tatu tu, zote za polepole na kila moja ikizidi dakika 6. Mashabiki wengi walichukizwa. Melvins waliona njia.

Wapo wanaosema slaji ni hadikoo iliyochoka, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa polepole hiyo ina sababu yake katika sauti yenyewe. Uzi mnene wa gitaa ukikazwa hadi noti ya E hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, na ukilegezwa hadi D hutetema mara 73 hivi. Amplifaya inayokwaruza huipa noti hiyo mkia mrefu, kiasi kwamba ukipiga kwa kasi ya hadikoo, mkia wa noti moja hukanyagwa na noti inayofuata na kinachobaki ni mvumo usio na umbo. Ukisubiri, kila noti hupata nafasi ya kujaa chumba. Anayeijua goma ya hapa kwetu, wanaume wakiwa wamejipanga safu na bakora zao, hahitaji maelezo marefu, kwa maana ameshaona jinsi ngoma iitwayo vumi inavyoachwa imalize kusema kabla haijapigwa tena.

Juzi kijana mmoja alilegeza uzi huo karakanani kwangu, akapiga mara moja, akangoja. Vikombe vya kahawa viligongana kwenye sinia na chembe za chokaa zikadondoka kutoka kwenye boriti. Alipoukaza tena akapiga mbio, vikombe vilitulia.

Albamu ya kwanza ya Melvins, Gluey Porch Treatments, ilitoka mwaka 1987, na wimbo wake wa kwanza huchukua muda mrefu ukitambaa kwa besi na ngoma kabla ya sauti ya mwimbaji kuingia. Hata hivyo humo humo mna nyimbo fupi mno, zenye ghadhabu ileile ya hadikoo. Ndiyo maana humshauri kila anayeanza asiruke hata wimbo mmoja, aisikilize albamu nzima kwa mpangilio wake, na kwa spika yenye besi ya kutosha, kwa sababu spika ya simu haiwezi kuitoa sauti ya uzi ule uliolegezwa.