“Mama, mbona mkojo wangu una damu?” Kumjibu mtoto kuhusu kichocho

Pemba na sehemu za Unguja zenye vijito, mabwawa na mabonde ya mpunga, kichocho ni maradhi ya minyoo, nayo yanawapata sana watoto, maana wao ndio wanaokoga na kucheza majini kutwa. Na wao ndio wenye maswali. Haya ni ambayo mzazi hukutana nayo.

“Mama, mbona mkojo wangu una damu?”

Swali hili likija, usianze na “nilikukataza mtoni!” Mtoto aliyegombezwa mara moja huficha mara ya pili, na maradhi yakifichwa yanaendelea kula kibofu. Mwambie: “Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu. Haya ni maradhi yanayoletwa na mdudu, na dawa ipo. Tutakwenda kituo cha afya.” Asiambiwe kwamba ni dalili ya kukua. Damu mara nyingi huonekana mwisho wa haja ndogo, na huenda akalalamika kuwa inamchoma. Kipimo cha mkojo ndicho kitakachothibitisha. Mkojo unaofaa zaidi ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani wakati huo mayai hutoka kwa wingi.

“Huyo mdudu kaingiaje, nami sikunywa maji?”

Amepita kwenye ngozi. Mtoto wa miaka sita analielewa hili vizuri akielezwa kwa utaratibu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo yaliyomo kwenye mkojo huanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono mdogo wa maji baridi na kumwingia. Humo huzaana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa wingi, hasa jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanapopenda kukoga. Kikimpata mtu, kijidudu hutoboa ngozi kwa dakika chache tu. Baadaye minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu na kutaga mayai. Mayai hayo ndiyo yanayojeruhi kibofu na kuleta damu.

“Basi hata baharini nisende?”

Aende, akiwa na mtu mzima. Konokono huyu haishi kwenye maji ya chumvi.

“Kwani nikikojoa mtoni kuna nini?”

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa mtoto ana uwezo wa kufanya jambo. Mjibu: “Mkojo wako usipofika majini, konokono hapati kitu cha kukupa wewe wala mwenzako.” Watoto wakishika hili huambizana wenyewe.

Lakini nasi wazazi tuangalie. Tunamkataza mtoto kukoga mtoni, kisha tunamtuma huko huko na kapu la nguo. Kufua kwa maji ya mtoni ukiwa umesimama ndani yake ni sawa na kukoga. Kama hakuna bomba wala kisima, teka maji yasiyo na konokono, yaache ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa siku mbili kamili, vijidudu vitakufa. Au yachemshe.

“Dawa chungu?”

Chungu, mwambie kweli. Usimdanganye kuwa ni peremende, hatakuamini tena. Dawa yenyewe ni prazikwanteli, na idadi ya vidonge hutegemea uzito au urefu wake. Mpe chakula kwanza. Tumbo au kichwa kinaweza kumuuma kidogo, au akapata kizunguzungu, kisha hupita. Siku ya kugawa dawa skuli, asibaki nyumbani.

“Nikipona nirudi mtoni?”

Dawa huua minyoo iliyokwisha komaa. Michanga inaweza kubaki, na dawa haimkingi mtoto akiingia tena majini. Kwa hiyo damu ikirudi, arudi kupimwa, hata kama alimeza dawa miezi michache nyuma. Kwa mtoto wa kike msichelewe: mayai huweza kujeruhi pia sehemu zake za uzazi. Na kichocho kilichoachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Hili la mwisho ni lako wewe mzazi kulijua, si la kumtishia mtoto.