Video inayojianzisha yenyewe haivuti mteja
Wauza asali wengi hapa Tabora bado wanaamini kwamba tovuti ikifunguka na video ikaanza yenyewe, kwa sauti ya juu, mteja hachomoki. Sivyo. Tangu 2018 Chrome, programu ya kufungulia tovuti, kwa kawaida huzuia video zenye sauti zisijianzishe kwa mgeni mpya wa tovuti. Safari, programu kama hiyo ya simu za iPhone, nayo huzuia. Tena hata ikifaulu kuanza, video hiyo inakula bando la mtu kabla hajaomba chochote, na ana haki ya kuudhika.

Weka picha tulivu yenye kitufe cha kuchezesha. Sekunde 30 zinatosha: sega linakamuliwa, asali inachuruzika kupitia kitambaa cheupe, ndoo inafungwa. Maelezo yaandikwe kwenye video, maana wengi hutazama simu ikiwa kimya. Bei iwe pembeni, mteja wa Dar es Salaam aione bila kubonyeza chochote.