Je, wajua kwamba Kijaluo huita ini na roho kwa neno moja?

Ingia bucha ya Kisumu asubuhi uombe chuny: muuzaji atakata ini aliweke kwenye mizani. Jioni, jirani aliyepata habari njema atakwambia "chunya mor", moyo wangu umefurahi. Neno ni lile lile. Nasi wa Kiswahili tusijione mbali, maana maneno makali hutukata maini.

Lugha peke yake haithibitishi kitu. Lakini inatukumbusha kwamba kumgawa mtu mafungu mawili, mwili huku na akili kule, si lazima. Aliyeutia nguvu mgawanyo huo ni mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha 1641. Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwandikia barua yenye swali ambalo mpaka leo naliona zito kuliko majibu yake: kitu kisicho na umbo, kisichoweza kugusa, kinausukumaje mwili? Descartes aliishia kumwambia kwamba muungano wa viwili hivyo huonekana vizuri zaidi katika maisha ya kila siku kuliko katika kutafakari.

Huku kwetu wanafikra wengi huanzia hapo hapo kwenye maisha. Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969: nipo kwa sababu tupo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria akaenda mbele zaidi mwaka 1984: utu si kitu cha kuzaliwa nacho, mtu huufikia kadiri anavyokua ndani ya jamii. Ndiyo maana tunaweza kumtazama mtu mzima anayepumua tukasema "yule si mtu", na kila mmoja akaelewa. Kwame Gyekye wa Ghana alikataa: jamii hulea utu, lakini si yenye kumpa mtu utu huo. Nami niko upande wake, kwani anayefukuzwa na ukoo wake angebaki nani?

Tazama desturi ya zamani ya Wajaluo ya nying juogi, yaani jina la mizimu. Mtoto mchanga analia usiku, hanyamazi hata akipewa ziwa. Bibi anamchukua, anataja majina ya waliofariki, moja moja, taratibu. Likitajwa moja akanyamaza, hilo ndilo lake. Mtoto huyo bado hajatenda lolote, na nyumba nzima iko macho inamtafuta ni nani.